Kaya Moja, Meko Matatu

Ninyi wa chai ya saa nne, nimechoka kusimulia. Kila nikiingia pale chumbani mmoja ananiuliza habari za Kyela, nikifika katikati anaingia mwingine, naanza upya. Halafu kuna huyo anayetangaza kwamba nilikwenda kula wali. Wali nimekula, sikatai, na nitakula tena nikijaliwa. Lakini nilikwenda kwa kazi, na kazi yenyewe iliniumbua mbele za watu. Kwa hiyo naandika mara moja, someni wote, mniache ninywe chai yangu.

Kwa wale msiojua ninachofanya pale ofisini, na mpo, msijifanye: mimi naratibu. Kilimo wana mpango wao wa kuwainua wakulima maskini. Afya wana kadi zao za matibabu ya bure. Maji wana mabomba yao kwa wasiojiweza. Kila mmoja ana orodha yake ya kaya maskini, na orodha hizo hazipatani hata kwa dawa. Kazi yangu ni kuzikalisha meza moja mpaka itoke orodha moja.

Kyela ilikuwa imetushinda. Pale ambapo Kilimo na Afya waliandika kaya moja, Maji waliandika tatu, pengine nne. Kijana wa Maji wa kule nilishampelekea barua kali ya kumtaka ajieleze kwa nini anavimbisha hesabu. Niliiandika mwenyewe, nikaisoma mara mbili kwa kuipenda. Kikao cha kusaini orodha moja kilikuwa siku ya Ijumaa, hukohuko Kyela mjini, na ambaye jina lake lingekosekana siku hiyo angesubiri mwaka mzima. Ndiyo maana tulikwenda mapema, tukajionee wenyewe.

DODOMA HADI MBEYA: KWAYA YA BARABARANI

Garini tulikuwa wanne. Mzee Sanga, dereva, ambaye anaamini kuongea kunamaliza mafuta. Bwana Nyoni kutoka Kilimo, mnene, mcheshi, na tumbo ambalo lina ratiba yake. Sista Lightness kutoka Afya, mwembamba, mkali, asiyekula kitu cha barabarani. Na mimi. Tulipofika Mtera majina yalikuwa yamekufa. Yule akawa Kilimo, yule Afya, mimi nikawa Uratibu, na mpaka leo tukipigiana simu ndivyo tunavyoitana.

Mtera tulisimama kwa sababu ya samaki. Iringa tulisimama kwa sababu Kilimo aliona mahindi ya kuchoma. Mafinga akasema ana kiu. Afya akamwambia, "Kilimo, wewe unakagua mazao au unayafuta?" Mzee Sanga akacheka, na hiyo ndiyo sauti ya kwanza tuliyoisikia kwake tangu alfajiri.

Tulipopita Makambako kidogo, lori la mbao lilikuwa limevunjika likajilaza katikati ya barabara. Hakuna kwenda, hakuna kurudi. Saa tatu nzima, wenzangu! Mbele yetu palikuwa na basi dogo la kwaya ya kanisa, wanakwenda kwenye mkutano Tukuyu. Walipoona hali ni hiyo wakashuka, wakapanga mistari kando ya barabara, wakaanza mazoezi. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Akawa analalamika kwamba besi ni mbili tu, na mmoja ana mafua.

Kilimo hakungoja kuombwa. Alikwenda akasimama mstari wa nyuma, akaunguruma. Sikujua ana sauti vile! Watu wakashuka kwenye magari wakaja kusikiliza, wauza karanga wakauza, Afya mwenyewe akanunua karanga akala huku akidhani simuoni. Lori lilipoondolewa yule mama alimshika Kilimo mkono akataka kujua anasali wapi. Tuliingia Mbeya jioni tumechoka, lakini hakuna aliyenuna.

MBEYA HADI MBUGANI: BWANA NDAGA

Kesho yake tulikunja Uyole kushuka kusini. Tukuyu kulikuwa na ukungu na baridi, nikavaa koti, nikajuta kutokuchukua la pili. Chai na migomba kila upande. Halafu barabara inateremka, inateremka, unavua koti, unavua sweta, unafungua dirisha, na ukifika Kyela unatafuta cha kuvua huna. Baiskeli zinapita kwa makundi, na kandokando ya nyumba kakao imeanikwa kwenye mikeka, inanuka uchachu mtamu.

Tulifikia nyumba ya wageni Mbugani, mle mjini. Jirani yake kuna mama mmoja, Mama Atupele, anayepikia wasafiri. Alituwekea wali, nao nilianza kuunusa kabla sijauona. Kando kulikuwa na mbasa, samaki wa ziwani, wa kukaanga na ndizi za nazi. Kilimo alinyamaza kimya kabisa. Nikajua hapo pana chakula.

Wakati tunakula akaingia mwenyeji wetu, afisa wa halmashauri aliyepewa kazi ya kutuzungusha. Alikuwa amembebea Mama Atupele gunia la mkaa kwenye baiskeli. Yule mama akampokea kwa mikono miwili: "Ndaga! Ndaga fijo!" Mimi, mwerevu wenu, nikaandika kwenye daftari: mwenyeji wetu anaitwa Ndaga Fijo. Nikanyanyuka nikampa mkono, nikasema, "Bwana Ndaga, tumefurahi kukufahamu." Akatabasamu, akainama kidogo. Tukaendelea vizuri tu.

Mama Atupele alipokuwa anatoa sahani aliniuliza, "Na kukaja hawajambo?"

"Kukaja ndio wapi, mama?"

"Si nyumbani! Kwenu."

"Aaa, hawajambo. Yupo mume wangu na watoto wawili."

Alinitazama kwa huruma. "Hao tu? Na wazee? Wakwe? Wadogo zako?"

"Wao wana kwao."

"Maskini," akasema, na akaniongezea wali. Nilifurahia wali, lile neno nikalipita. Laiti ningelisimamia palepale, ningejiokoa na aibu ya Ijumaa.

BUSALE: WATU KUMI NA WANNE

Jumatano tuligawana. Afya alikwenda Ngana kwa pikipiki, mimi na Kilimo tukaenda Busale na mwenyeji wetu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia imekuwa uji. Katikati ya mashamba ya mpunga gari likazama mpaka mlangoni. Kina mama waliokuwa wanapalilia wakatoka shambani, wakatuangalia, wakaangaliana, wakaanza kucheka. Mmoja akamwambia Kilimo ashuke kwanza, labda ndiye tatizo. Alishuka. Gari likatoka! Kilimo hajasamehe mpaka leo.

Tulifika kwa mzee mmoja anaitwa Gwakisa. Katika orodha yangu aliandikwa kaya moja, watu kumi na wanne, ana mpunga, ana kakao, jina limekatwa: si maskini. Nilihesabu nyumba. Zilikuwa nne. Ile ya nyuma ilikuwa ndogo, paa limeoza, na mlangoni alikaa mama mmoja mjane na watoto watatu wanapepeta mchele uliovunjikavunjika.

"Huyu naye ni wa kaya yako, mzee?" nikauliza.

"Wa kwangu kabisa. Mke wa marehemu mwanangu."

"Anakula kwako?"

Mzee akashangaa. "Ana jiko lake. Mtu mzima huyu."

Nikamwambia mwenyeji wetu pembeni, kwa sauti ya chini: "Bwana Ndaga, hapa tunadanganywa. Mzee anakusanya watu ili kaya yake ionekane kubwa." Kijana akajibu, "Karibu sana, mama." Nikamwambia, "Bwana Ndaga, sijakushukuru, nakuuliza." Akasimama. "Mama," akasema taratibu, "mimi naitwa Ambakisye."

"Na Ndaga Fijo ni nani?"

"Ni asante sana."

Jamani! Tangu jana jioni nilikuwa namwambia, "Asante, njoo garini," "Asante, kula basi," "Asante, tunaondoka saa ngapi?" Nikamuuliza kwa nini hakunisahihisha. Akasema aliwaza, huyu mama wa Dodoma amelelewa vizuri, ana shukrani mno. Kilimo alikaa chini kwenye tope kwa kucheka.

Jioni Afya alirudi kutoka Ngana, tope mpaka kwenye kope, na hadithi ileile. Kaya ya watu kumi na moja, kaya ya watu ishirini. "Wanavimbisha," nikasema. "Mbona wanavimbisha kwa hasara?" Afya akauliza. "Kaya ikiwa kubwa na ina kakao, inakatwa. Nani anavimbisha ili akatwe?" Nikaenda kulala na hasira, na niliyemkasirikia ni Afya, kwa kuwa na akili.

MATEMA HADI IKOMBE: MASHINE YA ASAJILE

Alhamisi tulipita Ipinda mpaka Matema, ziwani. Gari likaishia hapo. Mzee Sanga akavua viatu, akatandika kanga ya mkewe kwenye mchanga, akalala. Sisi watatu na Ambakisye tulikuwa tunakwenda Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi, ambako milima imeshuka mpaka majini na gari halina njia.

Boti tuliyopata ilikuwa ya mtu mmoja anaitwa Asajile. Mchangamfu, kofia imefifia, mashine yake ya boti ameifunika kitambaa cha maua. Ukitaja ile mashine anaipapasa. "Hii," alituambia, "ndiyo imenilea. Kaya yangu watu kumi na saba, mashine moja."

Kumi na saba! Nikafungua orodha kwenye mapaja. Naam, Asajile, Ikombe, watu kumi na saba, mstari mwekundu umepita katikati: ana mashine ya boti, si maskini. Ule mstari niliupiga mwenyewe, kwa rula. Nikafunga orodha haraka kabla hajachungulia.

Tulishukia mbele ya nyumba tatu zilizopangana, zote zake, na vyungu vimeanikwa uwanja mzima. Kwenye ile nyumba ndogo alikaa bibi mmoja anafinyanga. Ni dada wa mama yake Asajile, na Asajile anamwita Mama Mkubwa. Jina lake Bibi Rahel. Alikuwa anazungusha udongo kwenye kigae, mikono inapanda na kushuka, lakini uso ameuelekeza pembeni, ziwani, kama mtu anayesikiliza redio.

"Ugonile," nikamsalimia, maana hiyo nilikuwa nimefundishwa.

"Umeshatamka vibaya, lakini karibu," akasema. "Usikanyage vyungu."

"Nitaviona, bibi."

"Una bahati."

Afya alikuwa ameshaelewa. Akachuchumaa, akatoa tochi ndogo, akamwomba bibi aangalie juu. Macho yote mawili yalikuwa na wingu jeupe. "Mtoto wa jicho," akaniambia. "Ugonjwa huu unatoka. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya wilaya wiki ijayo. Akiwa na kadi anapasuliwa bure. Mara hii ikipita, wanarudi mwakani, na la kushoto silipendi."

Asajile akaruka. "Kadi tunangoja! Tuliandikishwa! Si ndiyo orodha mliyokuja nayo?"

Mnajua nilivyojisikia? Orodha iko kwapani, mstari mwekundu ndani yake. Nikasema kweli, kwamba kaya yake imekatwa kwa sababu ya mashine. Akaacha kutabasamu. Akaitazama boti yake, akamtazama mama yake mkubwa, akasema, "Basi niiuze?"

"Hapana," nikasema, "tumwandike bibi peke yake. Kaya yake mwenyewe, mtu mmoja. Ni mstari mmoja tu, kesho tunasaini."

Nilidhani nimeleta habari njema. Kigae kikasimama.

"Peke yangu?" akauliza Bibi Rahel. "Nani kasema mimi sina watu?"

"Sijasema huna watu, bibi, ni kwenye karatasi..."

"Karatasi inasomwa! Mnataka isomwe kwamba Rahel anakaa peke yake kama mchawi? Huyu nimembeba mgongoni! Nife kipofu, lakini nife kwangu!"

Na Asajile, ambaye nilitegemea atanisaidia, akawa upande wake. "Mama, ukiandika hivyo umenimaliza. Kijiji kizima kitasema nimemtoa kwa sababu ya macho."

Nikajaribu kueleza, nikaharibu zaidi. Sikujua machozi yangu yako karibu vile. Mtu yuko hatua moja na macho yake, sisi wote tunamtakia mema, na tunagombana!

Ambakisye ndiye aliyeokoa. Alinivuta kando. "Mama, kwenye ile fomu mliyowapa Kilimo na Afya wahesabie, mliuliza kaya."

"Swali la kumi na mbili. Kaya yenu ina watu wangapi, na mkuu wa kaya ni nani."

"Ndiyo. Huku wanasikia kaja. Kukaja ni kwao, wote kwa pamoja, mpaka mjane, mpaka shangazi. Ukimuuliza mtu kaja ina watu wangapi akamwacha mmoja, amemfukuza."

Kaya na kaja. Herufi moja, wenzangu! Mama Atupele alishanifundisha Mbugani na sahani mkononi, mzee Gwakisa akanionyesha kwa kidole, na mimi nikawaita waongo. Na swali la kumi na mbili, mkumbuke, ni langu. Nilikaa Dodoma wiki mbili nikilinyoosha hilo swali.

Hatukuondoka. Bibi alikasirika, lakini kumwacha mgeni na njaa hakuwezi. Akaingia jikoni kwake akapika ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwani, amewakausha kwa chumvi na ndimu. Kilimo aliomba aongezewe, na hilo likampunguza bibi hasira kiasi. Mimi nilikuwa nakula huku nikiangalia moshi. Moshi ulikuwa unatoka sehemu tatu.

"Bibi, hili jiko ni la nani?"

"Langu. Unamjua mwingine anayepika usipa hivi?"

"Na lile la pale?"

"La mke wa Asajile. Anazidisha chumvi." Kutoka kule ng'ambo tukasikia sauti, "Nimesikia, Mama!"

"Na lile la tatu?"

"La mke wa mdogo wake."

"Kwa hiyo hapa pana kaya ngapi?"

"Moja. Umeshaambiwa."

"Na meko mangapi?"

"Matatu! Nani ana macho hapa, mimi au wewe?"

Afya akaweka sahani chini. Tukatazamana. Nikamuuliza bibi, nikichagua kila neno, kama angekubali kuandikwa hivi: kaya ya Asajile, yenye meko matatu, na jiko la Rahel ni hili. Alitafuna kwanza.

"Jiko ni langu," akasema. "Hilo hata Asajile anajua, na mkewe anajua zaidi. Andika."

Asajile akapumua mpaka kofia ikasogea. Halafu bibi akanigeukia, uso umenikosa kidogo.

"Hilo swali la kwanza, la kaya, aliandika nani?"

"Ofisi, bibi," nikasema.

"Ofisi ina mkono?"

Nikaomba niongezewe ugali.

Wakati wa kuondoka alinipa chungu. Alikichagua kwa kupapasa, akapitisha kidole kwenye mdomo wake uliopakwa rangi nyekundu, akapapasa michoro. Michoro ilikuwa imeanza vizuri, ikapotezana njiani, na upande mmoja chungu kiliinama. "Hiki nimekipatia," akasema. Nikamwambia ni kizuri sana, na kusema kweli nilikipenda palepale.

IJUMAA, KYELA MJINI: BARUA YANGU

Ukumbi ulikuwa wa moto, feni moja inazunguka bila faida. Chai na maandazi vilikuja mapema, na nilitamani vingechelewa, nipate pa kujificha. Karibu na mlango alikaa kijana mmoja, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, bahasha mbele yake. Nikaitambua bahasha kabla ya kumtambua yeye. Alikuwa Bwana Maji.

Mwenyekiti wa kikao alianza na yeye. "Unatakiwa ueleze kwa nini kaya zako ni nyingi kuliko za wenzako."

Kijana akasimama, akatoa barua yangu, akaikunjua. "Mimi ni mtu wa maji," akasema. "Kila mwenye jiko lake ana chungu chake cha maji ya kunywa, kinakaa ndani ya mlango. Nikiuliza kaya, naambiwa moja. Basi nikaacha kuuliza, nikawa nahesabu vyungu."

Nilikuwa nimempa huyu mtoto wa watu wiki tatu za kukosa usingizi, na yeye peke yake katika wilaya nzima ndiye aliyehesabu sawa!

Mwenyekiti akasema kama ni hivyo, orodha mbili nyingine zina kasoro, na je, nani alitunga swali lililoleta kasoro? Nikamtazama Kilimo. Kilimo akalitazama andazi lake. Afya alikuwa ananitazama mimi, bila kupepesa. Ningeweza kusema ofisi. Hakuna ambaye angenibana, ofisi ni kubwa. Lakini lile swali la bibi lilikuwa limenikaa tangu jana.

Nikainua mkono.

"Mkono wenyewe ni huu," nikasema. "Swali nililiandika mimi, barua ya Bwana Maji niliiandika mimi, na mistari mingi myekundu mnayoiona niliipiga mimi. Naomba barua ifutwe, na nimwombe radhi hapahapa." Nikamwomba. Kijana hakujua aweke wapi mikono yake, akaishia kunipa ile barua, tena kwa adabu, kwa mikono miwili.

Msidhani kila kitu kilikwenda laini. Tulibishana mpaka saa tisa. Kuna waliosema orodha isainiwe hivyohivyo, marekebisho mwakani. Hapo Afya alisimama, na sitasahau. "Mwakani jicho la kushoto halipo," akasema, akakaa. Ikaamuliwa kwamba Kyela ihesabiwe upya kwa meko, Bwana Maji akiongoza, na kwamba wale tuliowaona kwa macho yetu waingizwe siku hiyohiyo kwa mkono. Waliingia watano. Mjane wa Busale alikuwa wa kwanza, jiko la Rahel likawa la tatu. Katika kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba swali la kumi na mbili lilitungwa vibaya na mratibu. Nikasaini. Kalamu ilikuwa nzito, lakini njaa ilirudi papo hapo, tukaenda kwa Mama Atupele sote, na Bwana Maji tukamchukua.

KURUDI

Jumamosi tulipanda tena kwenye baridi. Chungu nilikipakata tangu Mbugani mpaka Dodoma, kimefungwa kwenye koti langu, nikatetemeka Tukuyu kwa ajili yake. Kilimo alikuwa na mchele chini ya miguu, mchele mgongoni, na ndizi kwenye shingo. Afya alinunua karanga Makambako, mbele ya kila mtu. Mzee Sanga, tulipoona taa za Dodoma, akasema, "Safari nzuri," na hiyo ndiyo hotuba yake yote.

Sasa la mwisho, na hili hata wale niliowasimulia vipandevipande hawalijui. Jana mchana simu imeita, namba ya Asajile. Nikapokea nikadhani ni yeye.

"Wewe wa Dodoma," ikasema sauti ya bibi. "Wamenitoa vitambaa vya macho. Yote mawili."

Nikasema tu, "Ndaga, bibi. Ndaga fijo," na mara hii nilikuwa najua ninachosema.

"Bado unatamka vibaya. Sikiliza. Nimeviona vyungu vyangu vya mwaka huu. Aibu gani hii! Kwa nini watu hawakuniambia? Kile nilichokupa kivunje, usimwonyeshe mtu. Nakufinyangia kingine, Asajile atampa Ambakisye akuletee."

"Sawa, bibi. Nakivunja leo."

"Kivunje sasa hivi, nisikie."

Nikachukua kikombe changu cha chai, kile chenye mpini uliolegea ambacho mnakisema kila siku, nikakiangusha sakafuni. Akasikia, akaridhika, akakata simu.

Chungu kiko mezani kwangu, upande ulioinama nimeuelekeza mlangoni ili nikiingia niuone. Mkija mtakiona. Ila akipiga simu, kimevunjika.